Ukoka wa Serikali

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kuchanjwa. Nesi, binti mwenye mikono myepesi, alidunga sindano kwenye kichupa kidogo cha kioo, akavuta dawa, kisha akakitupa kichupa ndani ya ndoo iliyokuwa chini ya meza. Kilipogongana na vingine mle ndani nilishtuka, nikamkaza mtoto kifuani mpaka akaanza kulia kabla hata hajachomwa.

"Bibi, anayeogopa sindano ni wewe au ni yeye?" nesi akaniuliza kwa mzaha.

Nikacheka naye. Angekuwa mtu wa rika langu pengine ningemweleza. Lakini yeye ningemwanzia wapi?

Baba yangu alikuwa dresa. Nyinyi mliokuwa watoto wakati huo mnawakumbuka madresa, wale waliofunga vidonda, waliopiga sindano, waliopasua majipu, na ambao watu wa vijijini waliwaita daktari kwa sababu daktari mwenyewe hawakumwona mwaka mzima. Zahanati yetu ilikuwa kando ya barabara itokayo Malindi kuelekea bara, na sitaitaja jina, maana walioko huko leo hawana hatia yoyote. Baba alitoka Machakos. Mama alikuwa Mgiriama wa Jilore. Walijuana pale pale zahanatini, Mama alipomleta nyanya yangu, yaani mama yake, mwenye jipu la bega, na Mama alipenda kusimulia kwamba Baba alimpa nyanya pole nyingi kuliko dawa.

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya mkubwa wa zahanati, mtu mrefu mtanashati ambaye sote tulimwita Mkubwa, na nyingine, iliyokuwa ndogo, ilikuwa yetu. Mbele ya nyumba hizo kulikuwa na uwanja mmoja wa ukoka, ule mmea wa nyasi fupi unaotambaa, uliopandwa na daktari wa Kizungu miaka ya ukoloni. Baba alipokabidhiwa nyumba alitia sahihi karatasi iliyoorodhesha milango, madirisha, meza moja, na mwisho kabisa ukoka. Kwa hiyo kila Jumamosi alivua shati akaufyeka kwa slesha, nasi tukakatazwa kuchimba hata shimo la gololi. Mimi niliamini kwamba serikali ni mtu anayeishi mahali fulani mbali, na kwamba siku moja atakuja kuutazama ukoka wake.

Kisha ukaja ule mwaka mvua ilipogoma. Mnaukumbuka kwa unga wa manjano. Tulipanga foleni dukani, tukaupika, ukanuka kama gunia lililolowana, na watu wakasema ni chakula cha punda wa ng'ambo. Ugali ulikuwapo, hivyo hivyo. Kilichokosekana ni mboga ya kuulia ugali huo. Sukuma wiki zilizokuja kwa lori kutoka bara ziliishia mahotelini Malindi na Watamu. Mchicha ulikauka ukingali mchanga. Mama alitembea asubuhi nzima kutafuta mtsunga, ile mboga chungu ya porini, akarudi na konzi moja iliyonyauka. Zahanatini Baba alianza kuona watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizogeuka rangi ya kutu. Aliwafundisha mama zao, kwa ile sauti yake ya upole, wawape watoto mboga za majani kila siku.

Siku moja mama mmoja akamjibu. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimempelekea Baba chai.

"Mboga gani, daktari?" yule mama alisema. Hakusema kwa hasira. "Sisi kwetu hata mhogo umekufa. Na wewe mwenye mfereji wa maji mlangoni umepanda nyasi."

Baba alimaliza kumpima mtoto, akaandika kwenye kadi, akampa dawa. Mchana alirudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti, akautazama uwanja wa serikali, na sahani yake ya ugali ikapoa.

"Hutaki kula?" Mama alimwuliza.

"Nitakula. Lile jembe la mamako bado liko?"

Alianza alfajiri ya siku iliyofuata kabla ya kwenda kazini. Alikata ukoka kwa panga, vipande vya mraba kama ubao wa kuandikia, akaingiza koleo chini yake, akauinua. Mizizi yake ilikuwa myeupe, imesukana kama mkeka, na ilikuwa ikikatika kwa sauti, trr, trr, kama nguo inayochanwa. Chini yake mlikuwa na mchanga mwekundu, na harufu iliyotoka humo sijapata kuinusa tena mahali pengine, harufu ya kitu kilichofungiwa muda mrefu. Kazi yangu ilikuwa kuokota mizizi iliyobaki. Baba aliniambia kipande kidogo kama ukucha kikiachwa kitarudisha uwanja mzima. Niliokota siku tatu, vidole vikachubuka, na kila nilipolala niliona mizizi ikitambaa kwenye giza la macho yangu.

Siku ya nne Mkubwa alikuja akasimama ukingoni, mikono nyuma, viatu vyake vikikwepa udongo.

"Mutua," alisema, "hii ni nyumba ya serikali. Si shamba la mama yako."

"Najua, bwana mkubwa. Nimechukua upande wangu tu. Nikiondoka nitaurudisha ukoka kama ulivyokuwa."

"Wageni wangu wakija waone nini? Matuta?"

"Wataona mboga. Hata wewe utakula."

Mkubwa alitabasamu, lakini nilimwona akipiga teke kijipande cha ukoka kilichopinduliwa, akakirudisha upande wake wa uwanja. Tangu siku hiyo kukawa na mstari. Huku kwetu wekundu wa udongo, kule kwake kijani kibichi alichomwagilia maji hata wakati wananchi walipopanga madebe kwenye mfereji wa zahanati.

Samadi tulipewa na Bi Mwanaisha. Mashamba yote ya kuzunguka zahanati yalikuwa ya ukoo wake, nyumba yao ilikuwa ya mawe na baraza pana, na mbuzi wake walikuwa wengi. Baba alinituma nikaombe. Nilipomwamkia shikamoo aliniwekea mkono kichwani.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie babako aje azoe samadi apendavyo, hapa yatuudhi kwa nzi tu. Lakini bamia zikizaa asinisahau. Mwaka huu sijala bamia nikashiba."

Mjukuu wake, mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, alinifuata hadi bandani akanisaidia kujaza kikapu, mbolea kidogo kikapuni na nyingi kwenye nguo zake. Alikuwa akicheka kila nilipocheka mimi. Nikawa naenda hata siku ambazo samadi haikuhitajika.

Vyombo vya bustani Baba aliviokota kwenye shimo la taka la zahanati kabla havijachomwa. Mipira ya dripu aliikata, akaining'iniza kutoka kwenye chupa zilizotundikwa vijitini, maji yakadondoka tone moja moja kwenye shina la kila mnyanya. Vile vichupa vya dawa ya sindano, vyenye vifuniko vya mpira, alivichemsha kwenye debe huko nje kwa sababu Mama alikataa visiingie jikoni.

"Utatuletea magonjwa ya watu," Mama alisema.

"Nimevichemsha mara mbili. Hebu tazama," alisema Baba, akanyanyua kimoja akakielekeza kwenye jua. "Fukusi haingii, unyevu hauingii. Mbegu itakaa humu miaka."

Alitia mbegu za bamia, za mchicha, za nyanya, za biringani, akaandika jina la kila moja kwenye kijikaratasi kwa ule mwandiko wake wa kadi za wagonjwa. Alivipanga kwenye katoni ya dawa chini ya kitanda chake. Jioni alinipa nivisome kwa sauti, na hivyo ndivyo nilivyojua kusoma vizuri, kwa majina ya mboga.

Sukuma wiki zilipoota, Mama alizicheka kwanza, akaziita majani ya ng'ombe wa Machakos. Zilipopanuka alinyamaza akaanza kuzikata nyembamba kama alivyoelekezwa. Nyanya zilikuwa ndogo lakini tamu. Na Baba akafanya jambo ambalo nadhani alikuwa amelikusudia tangu mwanzo. Kila mama aliyekuja na mtoto aliyevimba miguu aliondoka na dawa mkono mmoja na fungu la mboga mkono wa pili, na ikiwa ana mahali pa kupanda, na kichupa kimoja cha mbegu. Yule mama aliyemjibu kuhusu nyasi alikuja pia. Baba alimpa mafungu mawili, na sikumsikia mmoja wao akitaja maneno ya siku ile.

Hizo zilikuwa wiki nzuri. Nazikumbuka kama chache. Huenda zilikuwa miezi.

Shuleni mwalimu wetu alituambia habari za maonyesho ya kilimo ya Mombasa. Alisema kuna waamuzi wanaozunguka kukagua bustani za watu, huja bila kuarifu, huuliza maswali, huandika kwenye faili, wakaenda zao, na bustani iliyo kubwa na yenye ufundi mwingi hupata kikombe. Nilirudi nyumbani mbio. Sikumwambia Baba. Nilitaka kikombe kije kimkute kazini.

Mvua iliporudi ilirudi na mbu. Zahanati ikafurika watu wenye homa, na hapo ndipo dawa zilipoanza kukosekana. Zilifika kutoka Kilifi kwa gari, Mkubwa akazipokea na kuzifungia kabatini, na baada ya siku chache kabati likawa tupu. Nilisikia Baba akimwambia Mama kwamba hesabu ya daftari na hesabu ya kabati hazilingani. Mama akamwambia aseme kwa wakubwa. Baba akasema atasema, ila anangoja awe na uhakika. Hilo ndilo kosa lake, kama alikuwa na kosa.

Mjukuu wa Bi Mwanaisha aliletwa asubuhi moja, amepakatwa na mama yake, macho yamegeuka meupe, mwili ukirukaruka. Mkubwa hakuwapo, alikuwa amekwenda Malindi. Baba alivunja kufuli la kabati kwa nyundo. Mlikuwa na maboksi, lakini yote hayakuwa na kitu. Akamfunga mtoto kitambaa cha maji, wakatafuta gari, likapatikana lori la mchanga. Mtoto alikufa kabla ya kufika Malindi.

Mimi nilimwona Baba alivyorudi. Alikuwa kwenye mfereji wetu, ananawa mikono, anaisugua hadi kwenye viwiko, kisha anaanza tena. Nilidhani ana uchafu usiotoka. Nilimpelekea sabuni, akaipokea, akasema ahsante mama, maana ndivyo alivyoniita, akaendelea.

Siku ya tatu ya matanga Bi Mwanaisha alikuja hadi ukingo wa matuta yetu. Hakuvuka.

"Dresa," alisema, "dawa ilikuwapo juzi. Nimeliona boksi kwa macho yangu. Imekwenda wapi?"

"Bi Mwanaisha, wallahi sijui," alisema Baba, ambaye alikuwa Mkristo na sikuwahi kumsikia akitumia neno hilo. "Na mimi natafuta."

"Nawe ndiwe mpiga sindano."

"Ndiyo."

"Basi watakuja wenye kujua kutafuta," alisema, akageuka. Mtandio wake ulinasa kwenye kijiti cha nyanya. Aliunasua taratibu bila kukivunja, akaenda zake.

Yule mtu alikuja wiki iliyofuata. Baba alikuwa kazini, Mama alikuwa amekwenda kisimani kwa kuwa siku hiyo mfereji haukutoa maji, nami nilikuwa nimeachwa nifukuze kuku. Landrova ilisimama zahanatini. Baadaye nikamwona Mkubwa akimwonyesha mtu kwa kidole upande wa nyumba yetu, na mtu huyo akaja kwa miguu, peke yake. Alivaa shati jeupe na miwani. Kwapani alikuwa na faili.

Moyo wangu ulijaa furaha mpaka nikahisi kukojoa.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, binti. Bustani ya nani hii?"

"Ya Baba. Kulikuwa na ukoka. Aliuchimba wote."

"Ni nzuri sana," alisema, akatoa kalamu. Alitembea kati ya matuta kwa uangalifu, akachuchumaa penye nyanya. "Na mipira hii?"

"Ya dripu. Baba ameileta kutoka kazini. Maji yanatoka tone moja moja, hayapotei."

"Baba yako ana akili."

"Sana."

"Na huleta nini kingine kutoka kazini?"

Nilikimbia ndani, nikaivuta katoni kutoka chini ya kitanda, nikaibeba kwa mikono miwili mpaka nje. Aliinua kichupa kimoja, akasoma maandishi ya kiwandani yaliyokuwa chini ya kijikaratasi cha Baba, akayaandika kwenye faili yake. Akachukua cha pili.

"Viko vingapi?"

Havikufika arubaini. Lakini mwalimu alisema kubwa ndiyo hupata kikombe.

"Mia," nilisema. "Vilikuwa vingi kuliko hivi. Vingine amewapa watu."

"Watu gani?"

"Wengi. Wanakuja kuchukua."

"Na huwapa vikiwa vitupu, au vimejaa?"

Nililiona swali la kipuuzi. Mtu atapewaje kichupa kitupu apande nini?

"Vimejaa," nilisema.

Aliandika. Mbegu alizokuwa akiziona kwa macho yake mwenyewe, mbegu zilizokuwa zikilia chakachaka mkononi mwake, hizo sidhani kama aliziandika. Nilipoona anafunga kalamu niliogopa kwamba amesahau jambo kubwa.

"Andika pia kwamba nyanya zetu ni tamu kuliko za watu wote."

Alinitazama juu ya miwani. Akafungua kalamu tena, akaandika mstari mmoja. Kisha akaichukua katoni, akaiweka kwapani pamoja na faili, akanishukuru kwa adabu kama mtu mzima anavyomshukuru mtu mzima. Nilimchumia nyanya mbili. Alizipokea.

Nilisimama kati ya matuta nikingoja. Baba aliletwa na askari wawili kuja kuchukua shati la kubadilisha. Mama alikuwa amesharudi na debe lake, akalitua chini, maji yakamwagika miguuni, hakuyatazama. Baba alinipita, akasimama, akarudi hatua moja.

"Mwende, jioni usisahau kumwagilia," alisema.

Mimi nilikuwa bado nafikiri ni mambo ya kikombe, kwamba wamempeleka Mombasa kukipokea, na askari ni wa kumsindikiza.

Kesi ya wizi wa dawa ilisikizwa Malindi, na ni Mama peke yake aliyekwenda. Aliporudi hakuvua hata kanga ya kutokea. Alikaa kwenye kizingiti pale pale Baba alipopenda kukaa, akaniita.

"Ulimwambia nini yule mtu wa faili?"

Nilimwambia yote, neno kwa neno, na nilipofika kwenye vichupa vilivyojaa nilianza kuelewa kwa kuutazama uso wake. Sijui niieleze vipi. Niliyaona maneno yangu yakipinduka, yale yale, yakawa na upande mwingine niliokuwa siujui.

Nilingoja kofi. Hakunipiga.

"Usimwambie mtu yeyote," alisema. "Na babako usimwambie kabisa. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Tulipewa wiki moja tuhame. Mama alivuna kila kitu siku ya mwisho, hata nyanya mbichi, na mlango hadi mlango alitaka kugawa, lakini watu wengi walikuwa na shughuli za ghafla. Bamia alizitenga kwenye ungo, akanituma kwa Bi Mwanaisha kwa sababu ahadi ni ahadi. Nilimkuta barazani. Nilimwamkia, akaniitikia.

"Mama amesema ni zile bamia zako, Bi."

Aliutazama ungo muda mrefu. Alikuwa amekonda.

"Rudi nazo, mwanangu," alisema. "Mwambie mamako sina ugomvi naye. Lakini hazitanipita kooni."

Nilirudi nazo. Tulizipika Jilore kwa nyanya, na nilitapika.

Baba alifungwa. Alipotoka, kazi haikuwapo tena, na kwao Machakos hakutaka kwenda kuonekana. Akaja kuishi Jilore kwa wakwe zake, jambo ambalo mwanamume wa kwao hulifanya akiwa amekosa pengine popote. Wajomba walimpokea vizuri. Walimpa kipande cha shamba karibu na nyumba, na jembe. Hakukilima. Alichoma makaa. Watu wa huko walijua aliwahi kuwa dresa, wakamletea vidonda na watoto wenye homa, naye aliwarudisha wote, akiwaambia waende hospitalini, mikono yake akiwa ameifumbata nyuma. Mara moja mjomba alikatwa na panga mguuni, damu ikaruka, na hata hapo Baba alisimama kando akimwelekeza Mama wapi abane. Hakumgusa.

Miaka ikapita. Tulisikia kwamba Mkubwa amehamishwa kwa cheo, na kwamba kule Malindi kulikuwa na kliniki yenye jina la shemeji yake, iliyokuwa haiishiwi dawa miaka yote ile. Mama alisikia sokoni, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akifagia zahanati. Hakuna aliyetuandikia barua.

Nami nilikuwa nimebeba siri yangu. Nilifikiri kwa kweli kwamba Baba hakujua. Nilifikiri kwa kuwa Mama aliniambia nisimwambie, basi hajaambiwa. Nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi niliposhindwa kuendelea kuificha. Nilimfuata kwenye tanuri la makaa, akiwa anafukia moshi kwa mchanga, nikasimama upande ambao upepo ulinipiga moshi machoni ili machozi yapate kisingizio.

"Baba, ni mimi niliyewaambia habari za vichupa."

Aliendelea kufukia.

"Najua, mama. Walinisomea mbele ya hakimu. Nilikuwa nimesimama pale."

"Nilidhani ni mwamuzi wa maonyesho."

Hapo aliacha. Aliegemea koleo. Nadhani hilo hakuwa amelijua, kwa maana aliniuliza, "Maonyesho gani?" nami nikamweleza habari za mwalimu na kikombe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Walisoma mpaka pale pa nyanya," alisema. "Hakimu alicheka. Mimi pia nilitaka kucheka." Akafukia koleo mbili tatu. "Ulikuwa mtoto. Hukusema uongo."

"Nilisema mia."

"Mia au arubaini, ni sawa. Usilibebe hilo."

Alisema hivyo, na najua alikusudia kila neno. Hakuwahi kunigombeza, hakuwahi kunikumbusha, na siku ya harusi yangu alinisindikiza mwenyewe hadi kwenye gari. Lakini ilinichukua muda kuona jambo lingine, na nilipoliona sikuweza kuacha kuliona. Baba alikuwa msimuliaji. Hata baada ya jela, akiwa na wajomba, niliweza kumsikia kutoka mbali akieleza habari za wagonjwa wa zamani, za jipu la nyanya yangu, za safari zake za bara. Nilipokaribia, sauti ilishuka. Nilipoingia, habari ilikuwa imekwisha. Angenisogezea kiti, angeniuliza watoto hawajambo, angeuliza mvua. Hakuwa na chuki. Ilikuwa kama mtu anayeondoa kitu mezani mtoto mdogo akipita, kwa mazoea tu.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho mimi ndiye niliyemwuguza. Nilimwogesha, nilimlisha, nililala hospitalini kwenye kiti wiki mbili. Asubuhi moja daktari kijana alikuja na faili, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mzee, leo nataka unieleze mwenyewe. Maumivu yalianza lini, na yanakushika wapi?"

Baba alifungua mdomo. Kisha akageuza kichwa kwenye mto, akanitazama, kwa upole wake ule ule wa siku zote.

"Mama," aliniambia, "hebu tokea nje kidogo. Nizungumze na daktari."

Nilitoka. Nilisimama ukumbini, mlango ukafungwa nyuma yangu, nikaanza kuisikia sauti yake. Alizungumza kwa muda mrefu sana.